Siku saba nikifuata trauti: Kiganjo, mto Thego mpaka Ziwa Ellis

Nimerudi Kisumu wiki mbili zilizopita na bado buti zangu zina harufu ya ule mto. Kuna watu niliwaahidi nitaandika, kwa hiyo nimekaa na daftari langu dogo lililolowa upande mmoja pamoja na picha za kwenye simu, nikapanga mambo siku baada ya siku kadiri nilivyoweza.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni samaki, lakini samaki wa ziwa: ngege, mbuta, omena, na miaka ya karibuni samaki wa kufugwa kwenye vizimba. Trauti, yule samaki wa maji ya baridi, nilikuwa namjua kwa notisi za chuo tu. Sasa kuna rafiki tuliyesoma naye ambaye anafanya utafiti wa trauti kwenye vijito vya Mlima Kenya kwa ajili ya digrii yake ya pili, akanipigia simu Julai akaniambia ndugu yangu nahitaji watu wa kunisaidia, nauli juu yako, chakula juu yangu. Nikaomba likizo Agosti.

Siku ya 1, Jumapili. Kisumu hadi Nyeri

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi na shuttle ya Nakuru, sh 800. Mpaka Nakuru hakuna cha kusimulia. Nakuru sasa, gari la Nyahururu lilikaa stage saa nzima na dakika ishirini likisubiri kujaa, na makanga kila baada ya dakika kumi anasema imebaki mmoja tu. Sh 300 hiyo. Nyahururu nikabadilisha tena, sh 400 mpaka Nyeri kupitia Ndaragwa na Mweiga.

Mbele kidogo ya Ndaragwa tairi likapasuka, na spea nayo haina upepo. Dereva akachukua boda akaenda kutafuta fundi, sisi tukabaki kando ya barabara na kile kibaridi cha Agosti kinachoingia mpaka kwenye mifupa, mimi nimevaa shati la Kisumu. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi hapo akatuita tukae ndani ya kibanda chake, akatoa chai kwenye themosi yake mwenyewe, vikombe viwili tukawa tunapokezana watu tisa. Nilipotaka kumlipa akakataa kabisa, akasema "hii si ya kuuza, hii ni ya kunywa". Nikanunua ndoo ndogo ya viazi ambayo sikuwa na mahali pa kuipeleka, nikaishia kumpa mwenye lojing'i Nyeri, akatupikia mukimo kesho yake.

Tulifika Nyeri saa moja na nusu usiku. Lojing'i sh 1,000, maji moto yapo asubuhi tu.

Kwa atakayefuata: ukitoka upande wa ziwa njia hii ya Nyahururu ni nzuri na ni fupi kuliko kuzunguka Nairobi, ila beba sweta kwenye mkoba wa mkononi, usiliweke kwenye begi linalofungwa juu ya gari.

Siku ya 2, Jumatatu. Kiganjo

Asubuhi kulikuwa kweupe. Nyeri imekaa katikati, upande mmoja Aberdare, upande mwingine Mlima Kenya, na historia ya trauti Kenya iko hapo hapo kwenye milima miwili. Wa kwanza kuletwa walikuwa trauti wa kahawia, mayai yake yakatoka Loch Leven kule Scotland mwaka 1905, yakapandwa mto Gura kwenye Aberdare, na aliyefanya hivyo anajulikana, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan. Wale wa upinde wa mvua, ambao huku kila mtu anawaita reinbo, walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Kwa hiyo huyu samaki ni mgeni. Nakaa nalo hili neno mgeni kwa sababu litarudi mbele.

Kutoka Nyeri mpaka Kiganjo ni sh 100 kwa matatu, halafu boda sh 200 mpaka kituo cha kutotolesha trauti. Kituo kilianzishwa 1948, mwaka huo huo na kile cha Sagana, Sagana kikiwa cha samaki wa maji ya joto na Kiganjo cha maji ya baridi. Rafiki yangu alikuwa ameshapanga ziara kwa hiyo tulipokelewa vizuri, tukazungushwa na fundi mmoja mtu mzima mwenye subira ya ajabu.

Nilishazoea kutotolesha ngege, ambapo mama anabeba mayai mdomoni, wewe unayatoa tu. Trauti ni kazi nyingine. Fundi alimfuta jike maji kwa kitambaa, akamshika kichwa chini ya kwapa, akapitisha dole gumba tumboni taratibu kuelekea mkiani, mayai yakamiminika kwenye beseni kavu kama shanga za rangi ya chungwa. Halafu dume, matone machache meupe. Akakoroga kwa unyoya wa kuku, nikamuuliza kwa nini beseni kavu, samaki si wa maji? Akaniambia mbegu ya dume ikishagusa maji haimalizi dakika, na yai nalo likishanywa maji linafunga mlango wake. Kwa hiyo unazikutanisha kwanza pakavu, maji baadaye. Jike wa kilo moja anaweza kukupa mayai 1,500 mpaka 2,000 hivi, sio mengi ukilinganisha na samaki wengine, ndiyo maana kila moja linachungwa.

Baada ya hapo ni giza na maji ya baridi yanayopita bila kukoma. Kwenye nyuzi 10 inachukua kama mwezi mmoja kuangua, maji yakiwa na joto zaidi siku zinapungua. Mayai yaliyokufa yanageuka meupe na lazima yatolewe moja moja, la sivyo ukungu unaota kama pamba na kuvamia ya jirani. Kulikuwa na kijana pale ameinama na kibano, trei baada ya trei, na aliponipa kibano nijaribu mgongo ulianza kulalamika ndani ya dakika kumi. Kwenye trei ya mwisho mayai yalikuwa na nukta mbili nyeusi kila moja. Macho. Ukisogeza taa yanageuka ndani ya ganda. Nimefanya kazi ya samaki miaka 11 na sijawahi kuangaliwa na yai.

Swali lililonileta nililiuliza wakati wa chai (chai na mandazi mawili, sh 50 pale nje). Vifaranga vikishapelekwa mtoni, nani anajua vimebaki vingapi? Rafiki yangu akacheka akasema ndiyo maana umekuja.

Siku ya 3, Jumanne. Kijito kinachoingia Thego

Hii ndiyo siku ambayo ningeirudia hata kesho.

Tulikuwa watu sita, na pikapu ya kukodi sh 4,500 kwa siku, mafuta juu yetu. Barabara ni nzuri mpaka unapoacha lami, baada ya hapo ni udongo mwekundu na matairi yanacheza. Pembeni ni mashamba ya viazi na kabichi, halafu ghafla msitu.

Kwanza vibali, nisije nikamdanganya mtu. Utafiti Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, na ukigusa hifadhi unahitaji ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, na watu wa uvuvi nao wajue. Rafiki yangu alikuwa na faili lenye nakala za kila kitu ndani ya nailoni na tuliombwa hilo faili mara tatu siku hiyo. Usiende mtoni na mashine ya umeme ya kudakia samaki bila karatasi. Utaonekana mwizi wa samaki, na kwa kweli watakuwa na haki ya kukushuku.

Kazi inakwenda hivi. Mnachagua kipande cha mto, sisi mita 60, mnafunga wavu juu na wavu chini ili samaki asiingie wala kutoka. Mtu mmoja anabeba mashine mgongoni, ina betri, na mkononi ana fimbo yenye pete ya chuma. Umeme wa moja kwa moja unamvuta samaki kuelekea kwenye pete na kumlegeza, wengine wawili wanamdaka kwa nyavu za mkono na kumtia kwenye ndoo. Maji ya mlimani yana chumvichumvi kidogo sana kwa hiyo umeme haupiti kirahisi, tulilazimika kupandisha volti kuliko nilivyodhani. Kila mtu ana suruali ya mpira mpaka kifuani na glavu za mpira, na hakuna anayetia mkono mtupu kwenye maji, hata kama amedondosha simu. Hiyo sheria rafiki yangu aliisema mara nne kabla hatujaingia na alikuwa anamaanisha.

Mnapita mara ya kwanza, mnahesabu. Mara ya pili, mnahesabu. Mara ya tatu. Samaki wa kila mzunguko wanakaa ndoo yao. Sisi tulipata 31, halafu 14, halafu 6. Jumla 51. Sasa uzuri wa hesabu ni kwamba namba zikishuka hivyo, kila mara karibu nusu, unaweza kukadiria waliobaki bila kuwaona, na makadirio yakaja 56. Maana yake kulikuwa na kama watano bado wamejificha chini ya mizizi. Upana wa wastani ulikuwa mita 4, kwa hiyo ni kama samaki 23 kwa kila mita mraba 100. Zilikuwa namba za kipande kimoja siku moja, haziwezi kusema habari za mto wote, lakini mwakani akirudi pale pale atakuwa na kitu cha kulinganisha.

Wote walikuwa reinbo. Mimi nilipewa kazi ya kupima. Unamlaza samaki kwenye ubao wenye rula uliolowanishwa, pua hapa, mkia pale, unasoma, unampima uzito, unamrudisha kwenye ndoo ya maji mapya. Mmoja nilimshika wa sentimita 20, gramu 88. Ule ukanda wa waridi ubavuni ni kama mtu amepaka kwa kidole na hakumaliza, na mgongo una vidoadoa mpaka kwenye mkia. Baridi yake inakaa kiganjani hata ukishamwachia. Kujua kama ameshiba unachukua uzito mara 100, unagawanya kwa urefu mara urefu mara urefu, huyu wangu alipata 1.1. Ikiwa karibu na 1 au zaidi kidogo yuko sawa, ikishuka sana ujue wamekuwa wengi kuliko chakula au maji yana shida.

Umri sasa ndio tatizo. Kule Ulaya unasoma magamba kama unavyosoma shina la mti, kwa sababu majira ya baridi kali yanabana miduara. Huku karibu na ikweta maji hayana majira hayo makali, gamba linakua tu, miduara haikuambii mwaka uko wapi. Kwa hiyo inabaki kuangalia makundi ya urefu, au kuwawekea alama na kuwasubiri.

Kitu kingine nilichokiona kwa karibu ni changarawe. Mzee mmoja wa kijiji, yuko kwenye chama cha watumiaji wa maji wa pale, alikuja kutuangalia, akanivuta pembeni akaniita "daktari" ingawa nilimwambia mimi sio daktari. Akainua jiwe sehemu ya juu ya kijito, chini yake changarawe safi, maji yanapita katikati. Tukashuka mita kama 200, chini ya mahali ng'ombe wanavuka na ukingo umebomoka, akainua jiwe lingine. Matope, kama uji. Trauti jike anachimba kwa mkia anafukia mayai ndani ya changarawe, na mayai yanapumua maji yanayopita humo. Matope yakiziba mayai yanakufa kimya kimya na juu huoni kitu, maji yanaweza kuonekana safi tu. Mzee akasema wao wanataka kuhamisha kivuko cha ng'ombe na kupanda miti ya asili ukingoni, wapate na kivuli, maana trauti akishaona maji yanapita nyuzi 20 anaanza kuteseka. Nikawaza, unaweza kumwaga vifaranga elfu kumi hapa chini kila mwaka na kazi yote ingekuwa hicho kivuko.

Chakula cha mchana kilikuwa githeri baridi kutoka kwenye kopo. Kitamu mno.

Kwa atakayefuata: kausha buti na nyavu zako kabisa kabla ya kwenda mto mwingine, jua kali siku nzima ikiwezekana. Magonjwa na vimelea vinasafiri kwenye matope ya buti.

Siku ya 4, Jumatano. Mvua

Mvua ilinyesha kuanzia usiku. Mto ukawa rangi ya chai ya maziwa, umeme haufai na ni hatari, tukakaa lojing'i tukiingiza namba kwenye kompyuta. Jioni kijana mmoja anayefanya kazi hotelini akaja kuniuliza pembeni kama ninaweza kumpatia vifaranga kidogo, kwao kuna kijito hakina samaki kabisa, angependa kuwapanda.

Nilikaa naye karibu saa nzima. Mimi nimezaliwa kando ya Ziwa Victoria, nimekua nikisikia wazee wakitaja majina ya fulu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, ambao sisi hatukuwahi kuwaonja, wa rangi hii na rangi ile. Mbuta alitiwa ziwani miaka ya 1950 na watu waliodhani wanasaidia, na ni kweli ametajirisha watu, lakini fulu wengi wametoweka na hakuna wa kuwarudisha. Kijito kisicho na trauti sio kijito kitupu. Kina wadudu, kina vyura, pengine kina kambare wadogo wa mlimani wanaojishikilia kwenye mawe. Trauti anakula vyote hivyo. Pale alipo tayari kwa miaka mia na zaidi tumtunze na tumhesabu, pale hayupo tumwache asiwepo. Nikamwambia kama anataka kufuga achimbe bwawa, lenye maji yanayotoka yakiwa yamezibwa kwa wavu, aende Kiganjo aulizie taratibu. Aliandika. Natumaini alinielewa, maana aliuliza kwa nia njema kabisa.

Siku ya 5, Alhamisi. Nyeri hadi Chogoria

Nyeri–Karatina–Embu sh 450, Embu–Chogoria kupitia Chuka sh 350. Barabara lami safi, kona nyingi, migomba na kahawa na chai. Kuna daraja moja kabla ya Chogoria, la Nithi, linalojulikana kwa ajali, ambapo dereva alipunguza mwendo kabisa na abiria wote wakanyamaza.

Chogoria tulikuwa wanne tu, wawili walirudi chuoni. Lojing'i sh 1,200 na chakula cha jioni sh 250, wali na maharagwe na kabeji. Usiku tukalipia kiingilio cha hifadhi kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali. Fanyeni hivyo mapema mkiwa na intaneti nzuri kwa sababu getini hawapokei keshi, na mtandao kule juu unakuja na kuondoka.

Siku ya 6, Ijumaa. Ziwa Ellis

Land Cruiser sh 10,000 kwenda na kurudi, tukagawana. Kutoka mjini mpaka geti la hifadhi ni kama kilomita 30 na tulitumia saa mbili na nusu, maana mvua ya Jumatano ilikuwa imeacha madimbwi yenye kina, mara mbili tulishuka tukakata mianzi ya kuanguka tukaiweka chini ya tairi. Dereva ni mtu wa kazi. Hakupandisha sauti hata mara moja.

Getini ni karibu mita 3,000, nyati walikuwa wanakula majani kati ya vibanda kama ng'ombe wa mtu. Juu ya hapo msitu unaisha, unaanza kuona nyasi ndefu na ile mimea mikubwa kama kabichi zilizosimama juu ya nguzo. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 3,400. Kichwa kilianza kuniuma mahali fulani njiani na mwenyeji wetu akaniambia ninywe maji, nitembee polepole, nisijibu maswali.

Mwenyeji ni mzee wa miaka sitini na kitu anayeongoza wavuvi wa mshipi kwenye Ellis, na zamani alikuwa anapanda nao mpaka Ziwa Michaelson juu kwenye bonde la Gorges. Huku wanavua kwa nzi wa bandia tu, manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano, minyoo haitakiwi. Anavifunga mwenyewe, na manyoya anaokota, hanunui.

Ziwani huwezi kufanya tulichofanya Thego. Huwezi kufunga wavu juu na chini, na umeme haufiki kilindini. Rafiki yangu alinieleza wanavyofanya: unavua, unaweka alama, kwa mfano unakata lile pezi dogo laini la mgongoni karibu na mkia, unaachia, unarudi baadaye unavua tena. Kama uliweka alama 50, ukarudi ukavua 40, kati yao 10 wana alama, basi 50 mara 40 gawanya kwa 10, ziwa lina kama 200. Lakini hiyo inataka siku nyingi na watu wengi na ruhusa zake, na sisi tulikuwa na siku moja. Tulichokuja kukiona ni daftari.

Mzee alilitoa ndani ya mfuko wa unga, ndani ya mfuko mwingine. Daftari la shule la kurasa 120, na chini yake mengine matatu. Kila siku aliyovua au kuongoza mtu ameandika: tarehe, saa walizokaa, fimbo ngapi za kuvulia, upepo, samaki wangapi, urefu wa kila mmoja. Mwanzoni urefu ni kwa "shubiri", halafu kuna ukurasa ambapo mgeni mmoja alimpa futi ya fundi cherehani, kuanzia hapo ni sentimita. Na katikati ya kurasa hizo zote kuna mistari imeandikwa 0. Saa 5, fimbo 2, upepo wa mashariki, 0. Saa 3, fimbo 1, ukungu, 0.

Nikamuuliza mzee, mbona umeandika hata siku ambazo hamkupata? Akanitazama kana kwamba nimeuliza mbona anavaa viatu vyote viwili. Akasema, "Kwani siku hiyo sikuja?"

Rafiki yangu alikaa chini kwenye nyasi. Yeye ndiye aliyenieleza baadaye kwa nini. Sisi kule kwetu Ziwa Victoria, ufukweni tunapokea takwimu za mashua zilizoleta samaki, iliyorudi tupu mara nyingi haiandikwi popote, inaonekana haikutoka. Ukifuta siku za sifuri samaki wako hawaishi kamwe, kila mwaka utaona samaki watatu kwa saa mpaka siku ambayo ziwa ni tupu. Mzee amekuwa akipima samaki kwa saa ya fimbo moja miaka yote hii bila kuambiwa na mtu. Na urefu nao unaongea. Alitufungulia sehemu ambapo kwa miezi mingi samaki wote ni wa kimo kimoja, wanaongezeka sentimita moja, mbili, na wadogo hakuna. "Hawa ni rika moja," akasema, "hakuna watoto nyuma yao." Reinbo anahitaji changarawe na maji yanayotembea ili azae, kwenye maji yaliyotulia anabeba mayai yake bure. Kwa hiyo daftari linakuambia lini kupanda vifaranga na lini kuacha, bila kubahatisha.

Tulivua saa 4, fimbo 2. Samaki 3, mkubwa sentimita 31. Nilimshika wa kwanza mimi, na nikamwandikia mzee mstari wake kwa mkono wangu, akausoma, akanirudishia kalamu akasema sijaandika upepo. Nikaandika upepo.

Wawili tuliachia, mmoja mzee alimchoma kwenye makaa na chumvi tu. Nyama ya waridi, inaachana yenyewe na mfupa. Mimi mtu wa ngege na mbuta, nakiri huyu ni samaki.

Kwa atakayefuata: ukimwachia trauti, lowanisha mikono kwanza, usimshike matumbo wala usiingize kidole kwenye matamvua, mshike kwenye maji akitazama juu ya mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Na lala usiku mmoja getini kabla ya kupanda kama huna mazoea ya kimo. Mimi sikulala, kichwa kiliniuma mpaka saa nne usiku.

Siku ya 7, Jumamosi. Kurudi

Chogoria–Nairobi sh 700, Nairobi–Kisumu usiku sh 1,400. Nililala njia nzima.

Mzee alituruhusu kupiga picha kurasa zote za madaftari manne, na tukakubaliana na rafiki yangu kwamba nakala zilizopigwa chapa zitarudi kwake kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Mimi ndiye ninayenakili. Nafanya kurasa sita saba kila jioni nikitoka kazini. Juzi nilifika kwenye ukurasa ulionyeshewa, wino umetawanyika, tarehe inasomeka, saa zinasomeka, samaki haionekani kama ni 6 au ni 0. Nikampigia. Ilimchukua muda kushika simu, halafu nikamsomea tarehe, akanyamaza kidogo nikasikia kuku nyuma yake.

"Siku hiyo tulikuwa na kijana wa Meru," akasema, "alitaka sana kupata. Andika sifuri."